Ndeke Kumi na Mbili

Babu alituambia kwamba siku moja yeye na padri waliangusha ndeke kumi na mbili kwa bunduki ndogo, na jioni wakala nne. Vijana walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Sisi watu wa Fizi na Uvira tunasema ndeke kwa vyote viwili, yule wa manyoya na ile ya bati, na Watanzania nao wana ndege yao ya namna hiyohiyo. Dakika tano kabla ya hapo tulikuwa kwenye habari za Boeing. Kwa hiyo vichwani mwao Babu alikuwa ameshusha Boeing kumi na mbili, akazila nne na ugali.

"Kanga, batoto!" Babu akapiga kelele. "Kanga wa pori!"

Niwaeleze tulivyofika hapo. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu. Nilizaliwa humuhumu mwaka 1999, miaka mitatu baada ya kambi kufunguliwa, na ng'ambo ya ziwa naijua kwa kusimuliwa tu. Nilitaka kila Jumamosi tuwe na kikao cha historia ya kwetu. Jumamosi ya kwanza walikuja wawili, na mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake. Ndipo nikagundua kwamba vijana wanaojaa kwenye kibanda cha Babu, fundi baiskeli, hawaji kwa ajili ya baiskeli. Wanakuja kubishana kuhusu ndege. Basi nikahamisha historia yangu kibandani.

Wapenzi wakubwa wa ndege pale ni watatu. Kuna kijana mmoja anayezijua 737 na 787 kwa umbo la injini na madirisha, zote kazisoma kwenye simu. Familia yake ilikuwa na safari ya Marekani, ikasimamishwa Januari 2025 pamoja na za wengine wengi. Tangu hapo akiitaja 787 anaitaja kwa sauti ya chini. Wa pili ni mzee aliyekuwa mbeba mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Kalemie. Kwake hakuna ndege zaidi ya DC-3, na wala hataki kusikia nyingine. Ni ndege iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1935, na nyingi za vita ya pili ya dunia zilikuja kuuzwa kwa kampuni za kiraia dunia nzima, Kongo ikiwemo. Anasema ikiwa chini ilikaa kama mbwa anayeangalia sahani, pua juu, mkia chini, kwa sababu gurudumu dogo lilikuwa nyuma. Mlango nao ulikuwa nyuma. Ukishaingia, unapanda mlima mule ndani mpaka kwenye kiti chako. "Mama mwenye mtoto mgongoni na kuku mkononi," anasema, "alikuwa anafika kiti cha mbele amechoka kama ametoka shamba." Ukimsikiliza unaona kabisa kwamba uzee wote umemtoka.

Wa tatu ni Babu mwenyewe. Yeye ana mapenzi mawili, ndege na ile bunduki ya padri.

Aliiita vingt-deux, yaani ishirini na mbili kwa Kifaransa. Anasema ilikuwa ya misheni moja kule kwetu, miaka ya sabini mwanzoni, na kazi yake yeye ilikuwa kuokota kanga walioanguka. Akaeleza kwamba risasi hazikuwekwa kwa juu wala kwa chini kama tunavyoona kwenye filamu. Ziliingizwa kwenye kitako, pale pa mbao panapokaa begani, kupitia tundu dogo la ubavuni. Na maganda hayakurukia pembeni, yalidondoka chini, mengine yakaingia kwenye mkono wa shati la padri, naye akawa anacheza kwa sababu yanaunguza.

Hapo hakuna aliyemwamini. Bunduki ya kujazwa matakoni? Kijana wa Boeing akatoa simu. Mtandao ulikuwa wa kubembeleza siku hiyo, tukasubiri, na picha ikafunguka polepole kutoka juu kwenda chini. Ni bunduki aliyoibuni Mmarekani John Browning, na kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kikaanza kuitengeneza mwaka 1914. Tundu lipo kwenye kitako. Maganda yanatokea chini. Kila alichosema Babu kilikuwa sawa, na hata shati niliamini.

Babu hakujisifu. Alisema tu, "Mimi nilikuwa mutoto, macho yangu yalikuwa mapya."

Nilienda kusoma zaidi juu ya hizo risasi ndogo. Katika risasi nyingi za leo, kinachowasha baruti ni kifuniko kidogo katikati ya tako la ganda. Hizi ndogo hazina kifuniko hicho. Dawa ya kuwasha imezungushwa ndani ya ukingo wenyewe wa ganda, na nyundo inagonga ukingoni. Ili ukingo ubonyee, bati lazima liwe jembamba, na bati jembamba halivumilii nguvu kubwa. Ndiyo maana ni bunduki ya kanga na si ya nyati. Ganda likishapigwa huwezi kulijaza tena, ni la kutupa. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert ndiye aliyeanzisha risasi za ukingoni mwaka 1845, na watu wa kwao walizitumia kulenga shabaha ndani ya nyumba, sebuleni. Hii iitwayo ishirini na mbili ndefu ilitoka Marekani mwaka 1887.

Lakini kilichonifanya nisilale ni kwamba jamaa wakubwa wa hiyo bunduki ya kanga walipita hapahapa mkoani Kigoma. Mwaka 1871 Stanley alipokuja Ujiji kumtafuta Livingstone, katika mizigo yake kulikuwa na Winchester moja na Henry moja, kila moja ya risasi kumi na sita. Winchester ya wakati huo, ile ya mwaka 1866, na hiyo Henry, zote zilitumia risasi za ukingoni, ila nene zaidi. Wenzake wengi kwenye msafara walibeba gumegume, ambalo unalishindilia baruti mdomoni, kama gobore za vijijini, unapiga mara moja, unaanza upya. Jaribu kuwaza mtu wa Ujiji anayeona mgeni ana silaha ya kupiga mara kumi na sita bila kujaza. Kwenye shule zetu tunafundishwa ile salamu tu ya Stanley kwa Livingstone.

Nilifurahi sana na ugunduzi huu. Jumamosi iliyofuata nilichora ganda la risasi ubaoni, kubwa, na mishale. Nikasimama mbele kama profesa.

Kijana mmoja akainuka akatoka. Ana miaka kumi na sita, alifika kambini si muda mrefu. Nilidhani anaenda haja. Hakurudi, na Jumamosi nyingine hakuja. Siku hizohizo mtu wa ofisi moja alikuwa amepita akaona mchoro, akaniita, akaniuliza kwa nini nafundisha watoto wa vita mambo ya bunduki. Nilijitetea sana: historia, Ujiji, kanga. Nilikuwa na maneno mengi. Lakini usiku nilikuwa namuona yule kijana akitoka, jinsi alivyozunguka kwa nyuma ili asipite mbele ya ubao, na maneno yangu yote yakawa hayana kazi.

Wenzetu wa mashirika mnaosoma hapa, sisemi kwamba mlikosea kuniuliza. Nasema bunduki ya Babu na bunduki aliyoiona yule kijana zinaitwa kwa jina moja, kama ndeke na ndeke, na mimi niliyezaliwa kambini sikuwa na sikio la kuzitofautisha.

Nilifuta ubao. Nilimfuata yule kijana kwao, nikamwambia bunduki zimekwisha, sasa ni ndege tu. Hakujibu. Mama yake akaniletea maji.

Tukaendelea na ndege, na safari hii nilitaka ndege za ziwa letu. Watu wengi hapa hawajui kwamba Kigoma ilipigwa mabomu kutoka angani mwaka 1916. Wajerumani walikuwa na meli Graf von Götzen, iliyojengwa Ujerumani, ikafunguliwa, ikaletwa kwa makasha kwa maelfu mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena. Wabelgiji wa ng'ambo waliiogopa. Waingereza wakawaazima ndege nne aina ya Short, zile zinazoelea juu ya maji, na zikasafirishwa vipandevipande kutoka pwani ya Atlantiki kwa treni na boti za mto hadi kwenye ziwa. Mwezi Juni zikavuka na kudondosha mabomu bandarini. Kilichowachekesha vijana ni kwamba Wajerumani walikuwa wameshaing'oa bunduki kubwa ya meli wakaipeleka kwingine, wakaweka ya mbao mahali pake. Mwezi Julai waliizamisha meli wenyewe, lakini wahandisi wake waliipaka injini grisi kwanza, kama mtu anayezika akiba. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Nilipotaja Liemba, mzee wa DC-3 alisema, "Hiyo ilirudisha mudogo wangu." Ni kweli, mwaka 1997 Liemba ilibeba wakimbizi wengi kuwarudisha Kongo. Na mwaka 2015 ikawaleta Warundi kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Meli ileile iliyolengwa na zile Short.

Halafu Babu akaanza habari za 1965, na hakuna aliyemuomba.

Alikuwa mtoto wa miaka minane hivi, upande wa Fizi, wakati wa vita ya Simba. Che Guevara alivuka kutoka Kigoma mwezi Aprili mwaka huo na Wacuba wake, wakamwita Tatu kwa Kiswahili. Huku angani kulikuwa na Wacuba wengine, waliomkimbia Castro, walioajiriwa na Wamarekani kuirushia ndege serikali ya Kongo. Yaani Mcuba chini na Mcuba juu, na katikati mihogo yetu. Ndege zilikuwa aina mbili. T-28, ya injini moja, ambayo Wamarekani waliitengeneza kwa ajili ya kufundishia marubani, na B-26 ya injini mbili. Mwishoni mwa Septemba mamluki walishuka Baraka kutoka ziwani, na ndege hizo zikawasaidia.

Majina haya nimeyatoa mimi vitabuni. Babu hayajui. Yeye anajua sauti.

"Ile ya mashini moja ilikuwa inakohoa," alisema. "Inakuja chini-chini. Ukisikia inakohoa, uko na wakati kidogo, unaingia mu mugomba. Ile ya mbili ilikuwa inaimba sauti mbili, moja inafuata ingine. Ukiisikia hiyo ikiimba sawa, inapita, inaenda mbali. Ikibadilisha wimbo, inageuka. Hapo unalala chini, hauangalie juu."

Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Hakuna. Wale balioshindwa kutofautisha hatukuwaona tena. Mama alikuwa anatuuliza usiku, kama mwalimu: hii ni gani? Ukikosea unapigwa kofi."

Mzee wa DC-3 alikuwa ameacha kutabasamu. Nikamuuliza na yeye alizipendaje ndege, akasema alikuwa mtoto Baraka miaka hiyohiyo. DC-3 ilikuwa ndege ya kwanza ambayo aliweza kuisogelea ikiwa imezimwa. Aliishika ubavu kwa mkono, ilikuwa moto kwa jua, basi. Siku hiyohiyo aliomba kazi ya kubeba mizigo.

Mimi muda wote nilikuwa naona hawa ni wazee wenye kupenda mashine, kama wengine wanavyopenda mpira. Sikujua kwamba walijifunza kuzipenda baada ya kujifunza kuzikimbia.

Nyuma yangu mtu akasema, "Sasa hizi hazikohoi."

Alikuwa yule kijana. Sijui alifika saa ngapi, alikuwa amesimama nje, kwenye kivuli cha mabati. Kijana wa Boeing akamsogezea nafasi, hakukaa.

"Droni," alisema. "Iko sauti ya kidogo, kama ya mashini ya kunyoa. Haiko kama inakaribia. Iko tu. Unaweza kulala nayo mpaka asubuhi, iko tu."

Babu akaweka chini bisibisi. "Ikigeuka unajuaje?"

"Haujui."

"Hata wimbo haubadiliki?"

Kijana akafikiri. Akafunga macho, akakunja midomo, akatoa sauti nyembamba puani, ndefu, bila kupumua, na kibanda kizima kikanyamaza. Halafu mahali fulani ikashuka kidogo, kidogo sana, mimi nisingeisikia kama Babu asingeinua kidole.

"Hapo," Babu akasema. "Rudia hapo."