Jina la Washington, Kutoka Durham Hata Tuskegee

Mwaka huu wa 2026 Marekani inaadhimisha miaka 250 tangu ilipojitangazia uhuru wake tarehe 4 Julai 1776, na katika shangwe hizo jina la Washington, jemadari wa vita vile na rais wa kwanza wa taifa, litatajwa kwa taadhima kubwa. Fahari hiyo ni halali. Lakini aghalabu habari za jina hilo husimuliwa nusu, zikaanzia katika milki za mabwana wa Kiingereza na kukomea katika kaburi la rais huyo huko Mount Vernon, ilhali walio wengi wanaoitwa Washington leo wamelipata kwa njia nyingine kabisa.

Asili yake ni kijiji cha kaskazini mashariki ya Uingereza, kilichokuwa katika nchi ya Durham. Yapata mwaka 1183 bwana mmoja, William wa Hertburn, alibadilishana milki na Askofu wa Durham, akatoa Hertburn akapewa Wessyngton. Na kwa kuwa mabwana wa zama zile waliitwa kwa mahali walipomiliki, kama mtu wa mwambao wetu anavyoitwa Barawi kwa mji wa Barawa, yeye na dhuria yake waliacha jina la kwanza wakashika la pili. Karne zikapita, matamshi yakageuka, na tawi moja la ukoo likashuka kusini hata Northampton, ambako Lawrence Washington, tajiri wa sufu aliyepata kuwa meya wa mji, alinunua milki ya Sulgrave mwaka 1539 katika mali ambayo Mfalme Henry wa Nane aliwanyang'anya watawa.

Jinsi jina lilivyovuka bahari ndiyo mas'ala iliyowashughulisha wanavyuoni wa nasaba kwa muda wa karibu miaka mia. Mwezi Desemba 1791 Sir Isaac Heard, mkuu wa wasajili wa nembo za kiungwana mjini London, alimwandikia Rais George Washington akimwomba habari za wazee wake. Rais akajibu kwa adabu, mwezi Mei uliofuata, ya kuwa jambo hilo hakulishughulikia sana, na kwamba alilosikia ni kuwa ukoo wake ulitoka katika wilaya mojawapo ya kaskazini. Heard aliendelea na utafiti wake hata akatoa kauli kwamba John na Lawrence, ndugu wawili waliohamia Virginia, walikuwa wana wa Lawrence Washington aliyefariki mwaka 1616 na kuzikwa katika kanisa la Great Brington. Kauli hiyo ilipokewa bila ya shaka, hata mwaka 1861 nakala za mawe ya makaburi ya Brington, alizozitoa Earl Spencer kumpa Seneta Charles Sumner, zikawekwa katika jumba la serikali ya Massachusetts mjini Boston.

Miaka mitano baadaye Joseph Lemuel Chester, Mmarekani aliyefanya makao yake London, aliibomoa kauli hiyo. Alionyesha kuwa John aliyetajwa na Heard alikuwa Sir John, mtu wa daraja ya juu aliyefia Uingereza, na kwamba ndugu yake Lawrence alikuwa kasisi. Nao wahamiaji wa Virginia hawakuwa na cheo hicho wala wadhifa huo. Chester alifariki mwaka 1882, na mawe ya Boston yakabaki yakiwataja watu walioonekana kuwa si wahusika.

Ufumbuzi ulikuja mwaka 1889, katika kijitabu cha Henry FitzGilbert Waters wa Salem, ambacho makala haya yanakifuata. Waters aliziacha nembo na makaburi ya wakubwa, akazama katika wasia na mirathi za watu wa kawaida, na humo akamkuta mjane wa mji wa Tring aitwaye Amphillis Washington, ambaye mali yake, alipofariki, ilikabidhiwa mwanawe mkubwa, John. Wasia wa baba wa kambo wa mjane huyo uliwataja watoto wa mjane, nao ni pamoja na John, Lawrence na Martha. Na John wa Virginia, katika wasia wake mwenyewe, alimtaja dada yake Martha. Mume wa Amphillis alikuwa ndiye yule kasisi Lawrence. Basi mtu ambaye Chester alithibitisha kuwa hakuhamia alikuwa baba wa waliohamia. Heard alikuwa amekosea kizazi kimoja, na mawe ya Boston yakarudishiwa hadhi yake.

Kasisi huyo alifukuzwa katika kanisa lake la Purleigh mwaka 1643, katika vita vya Mfalme na Bunge. Waliomfukuza walimshitaki kwa ulevi, lakini alikuwa pia mtiifu wa Mfalme, na katika mwaka ule kosa hilo pekee lilitosha kumtoa mtu. Alikufa katika ufukara. Mwanawe John, asiye na urithi wa maana, aliingia katika biashara ya tumbaku, na chombo chake kilipokwama katika mto Potomac mwaka 1657, alibaki huko akaoa. George Washington ni kitukuu chake.

George hakuzaa. Alipofariki mwaka 1799 palikuwa na watumwa 317 katika shamba lake la Mount Vernon, na kwa wasia wake aliamuru wale 123 waliokuwa milki yake waachwe huru. Lakini mmoja hakungoja wasia: Harry, mzaliwa wa nchi za Gambia, alitoroka mwaka 1776 akajiunga na Waingereza, akaandikwa Harry Washington katika daftari yao, akahamia Nova Scotia, na mwaka 1792 akavuka hata Sierra Leone, akalipeleka jina hilo Afrika yeye mwenyewe.

Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, maelfu ya walioachwa huru walijichagulia majina. Booker, mtoto aliyezaliwa utumwani Virginia, alieleza baadaye jinsi mwalimu alivyoita majina darasani na wenziwe wote wakawa na majina mawili. Ilipofika zamu yake akajibu kwa utulivu, Booker Washington. Mwaka 1881 alianza kuiongoza shule ya Tuskegee ya Wamarekani weusi huko Alabama, ambayo mafunzo yake, kwa ushauri wa Tume ya elimu ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, yakawa kielelezo cha shule ya Jeanes ya kufunza walimu huko Kabete, Kenya.

Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000 wenye jina hili walikuwa 163,036, na katika kila kumi, tisa walikuwa weusi. Hao ndio walinzi wake. Na nasaba zao, kwa walio wengi, hukatika mwaka 1870, kwa sababu sensa za 1850 na 1860 ziliandika umri, jinsia na rangi ya watumwa, majina hapana. Uingereza imelihifadhi jumba la Sulgrave na kuliokoa lile la kale la kijiji cha Washington lisibomolewe, na ni vema. Lakini insafu yataka kwamba juhudi aliyoifanya Waters kwa ajili ya mjane wa Tring ifanywe vilevile katika wasia, mikataba ya mauzo na daftari za mashamba ya Virginia, kwa gharama ya serikali iliyoupa mji wake mkuu jina hilo, ili hao tisa nao wapate kuwajua wazee wao.