Nani Ashike Usukani? Jeshi la Anga na Uongozi wa Operesheni za Pamoja

Dar es Salaam imezungukwa na kambi. Lugalo iko Kinondoni, wanamaji wako Kigamboni, wanaanga wako Ukonga, na Chuo cha Taifa cha Ulinzi kiko Kunduchi. Lakini majeshi kuwa majirani hakuyafanyi yapigane kama jeshi moja, wala hakuamui nani ayaongoze yanapokutana. Hoja ya makala hii ni kwamba jeshi la anga linaweza kupewa uongozi huo, na kwamba maandalizi yake yaanzie kwa maofisa wanadhimu, mawasiliano na mazoea ya kuamrishana. Ununuzi wa ndege ufuate baadaye.

Historia ya viunga hivi inatoa mfano wa mapema. Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ndiyo Lugalo ya leo, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa Uingereza. Alfajiri ya tarehe 25, manowari HMS Cambrian ilifyatua makombora yaliyopasukia hewani ili kuwababaisha waasi. Papo hapo helikopta kutoka meli ya kubebea ndege HMS Centaur zikawashusha makomando wa Royal Marines kando ya kambi. Brigedia Patrick Sholto Douglas, kamanda wa kikosi hicho kabla ya uasi, aliwataka kwa kipaza sauti wajisalimishe. Walipokaidi, roketi ikapiga jengo la walinzi, na upinzani ukavunjika. Mizinga ya meli, helikopta na askari wa miguu vilifuata mpango mmoja na amri moja. Kwa taifa changa lilikuwa tukio la fedheha. Kwa mwanafunzi wa vita ni somo lisilopaswa kupuuzwa.

Miaka 14 baadaye somo hilo lilitugharimu. Mnamo Novemba 1978, vita vya Kagera dhidi ya Uganda vilipokuwa vimeanza, ndege za kivita za Tanzania ziliangushwa na walinzi wa anga wa Tanzania wenyewe katika ukanda wa Ziwa Victoria, wakidhani ni za Idi Amin. Hapakukosekana ndege wala ushujaa. Kilichokosekana ni mtu anayejua kila kilichoko angani kwa saa ile, na njia ya kumfikia mpiga mzinga kabla hajafyatua. Jeshi la anga lisiloweza kutoa huduma hiyo halijawa tayari kuongoza wengine, hata likiwa na ndege mpya kiasi gani.

Kenya inaonyesha kuwa safari ya jeshi la anga kufikia uongozi huo inawezekana, tena kutoka mbali zaidi. Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Jeshi lao likavunjwa, na hadi 1994 ndipo liliporudishiwa jina lake. Hata hivyo, Oktoba 2011 Kenya ilipoingia Somalia kwa Operesheni Linda Nchi, Mkuu wa Majeshi alikuwa Jenerali Julius Karangi, mwanaanga. Ni chini yake, Septemba 2012, vikosi vya Kenya viliposhuka ufukweni na kuutwaa mji wa Kismayu pamoja na Wasomali washirika, wanamaji, wanaanga na askari wa nchi kavu wakisaidiana. Karangi hakuupata wadhifa ule kwa kuwa mwanaanga tu. Aliwahi kuliongoza jeshi la anga, kisha akawa naibu wa mkuu wa majeshi yote, mahali ambapo ofisa hulazimika kujua mahitaji ya askari asiyevaa sare kama yake.

Wapo watakaosema Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) ni jeshi la askari wa miguu, na mwenye watu wengi ndiye aamue. Hoja hiyo ina uzito, lakini Kongo imeipunguza nguvu. Mwaka 2013 Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania aliiongoza brigedi ya Umoja wa Mataifa dhidi ya waasi wa M23, na katika mapigano ya mwisho ya mwaka huo helikopta za Rooivalk zilizoshambulia zilikuwa za Afrika Kusini. Ikiwa kamanda anaweza kutegemea ndege zisizo zake, basi mwanaanga naye anaweza kuamrisha vikosi visivyo vyake. Amri ya mwanaanga inafaa zaidi pale ambapo umbali ndio adui mkuu: mwambao wa Mtwara unaopakana na Cabo Delgado nchini Msumbiji, au uokoaji wakati wa mafuriko.

Kwa hiyo maofisa wa anga wapelekwe mapema, wakiwa bado mameja, kufanya kazi za unadhimu katika vikosi vya nchi kavu na wanamaji. Mazoezi ya pamoja kati ya Lugalo na Kigamboni yawekwe mara kwa mara chini ya kamanda wa anga, mwenye mamlaka kamili ya kugawa helikopta, boti na mafuta. Na Kunduchi isimpime kamanda huyo kwa ujuzi wa kuruka. Impime kwa swali gumu zaidi: kamanda wa batalioni anapoomba helikopta ambayo haiwezi kupatikana, je, anaweza kumnyima bila kumpoteza?