Mwanza hadi Bukoba: Kilomita 175 za Maji na Mawingu

Ukipiga mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi wa Bukoba, unapata kilomita zipatazo 175, nyingi zikiwa maji ya Ziwa Victoria. Ndege ya ATR huzimaliza kwa dakika 40 hivi. Kwa barabara, ukizunguka kupitia Geita, Biharamulo na Muleba, ni zaidi ya kilomita 400. Ndiyo maana watu wa Kagera, mkoa wenye mji wa Bukoba, tangu enzi za mitumbwi, wamekata ziwa badala ya kulizunguka.

Mwaka 1875 mvumbuzi wa Kizungu Stanley alianzia safari karibu na Mwanza akalizunguka ziwa zima kwa mashua, na ilimchukua karibu miezi miwili. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za moshi zilifuata upesi. Reli nyingine ilipofika Mwanza mwaka 1928, Mhaya wa Bukoba na gunia lake la kahawa waliweza kulala melini, wakaamkia Mwanza na kupanda treni ya Dar es Salaam. Usiku mmoja majini ukawa ndio kipimo cha umbali.

Ndege zilichelewa kukivunja kipimo hicho. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946 na kufa mwaka 1977, Air Tanzania ikazaliwa mwaka huohuo, lakini nauli ilikuwa ya wachache. Kwa wengi wa kizazi kile, ndege za kukumbukwa zilikuwa za vita: zile za Idi Amin wa Uganda zilizoishambulia Bukoba mwaka 1978, na ile ya mshirika wake Libya iliyodondosha mabomu Mwanza mwaka uliofuata.

Kisha ikaja asubuhi ya Mei 21, 1996. Meli ya MV Bukoba, iliyojaza watu kupita kiasi, ilipinduka ikikaribia Mwanza, na wanaokadiriwa kuzidi 800 wakafa. Hakuna ukoo wa Kagera ninaoujua usiokuwa na jina la kutaja siku hiyo. Tangu hapo, dakika 40 za angani hazikuwa tena anasa; mtu aliuza hata ng'ombe ili mwanawe asipande meli.

Lakini ziwa lina sheria zake hata juu angani. Usiku, pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa na kuinua mawingu mazito; pepo za mashariki huyasukuma magharibi, na kunapokucha yanamwagika Bukoba. Ndiyo sababu Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya Mwanza, na ndiyo sababu ratiba ya asubuhi huwa ahadi tu: rubani hungoja, huzunguka, au hugeuza.

Novemba 6, 2022, ndege kutoka Dar es Salaam yenye watu 43 ilianguka majini asubuhi ya mvua, muda mfupi kabla ya kuifikia barabara ya kurukia inayoanzia ukingoni mwa ziwa. Walikufa 19. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi na makasia yao.

Leo daraja la Kigongo–Busisi kwenye barabara ya Mwanza–Geita, lililofunguliwa Juni 2025, limefuta foleni ya kivuko, na wengi watarudi barabarani. Bado ndege zitatua Bukoba kila siku. Wenye mamlaka, wekeni pale ufukweni boti ya uokoaji na wazamiaji walio tayari kila ndege inaposhuka, tusiwaachie tena wavuvi kazi hiyo.