Upweke, Ukiwa na Lugha: Kutoka Nchi ya Mkwawa hadi Sauti ya Dhiki

1.0 Utangulizi

Swali la kama binadamu aweza kuishi akiwa ametengwa kabisa na binadamu wenzake ni la kale, na kwa kawaida huachiwa wanafalsafa na wanasaikolojia. Mhadhara huu unalitazama kwa jicho la historia na la lugha.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Ilomba, kata ya Mbeya iliyo kando ya barabara kuu itokayo Iringa kuelekea Tunduma. Katika sehemu za mji kama hii Wasafwa, ambao ndio wenyeji, huishi nyumba kwa nyumba na Wanyakyusa, Wandali, Wakinga, Wasangu na wengine wengi. Mji wa Mbeya ulikua katika miaka ya 1930 kwa msukumo wa dhahabu ya Lupa, ukapokea watu waliofika bila mzee wala ndugu wa kuwapokea. Mgeni wa aina hiyo alikuwa na Kiswahili cha kuanzia: alisalimu, akajibiwa, akauliza njia. Hakuwa na jamaa, lakini alikuwa na wa kusema naye. Mambo haya mawili hayafanani, na tofauti yake ndiyo msingi wa hoja inayotolewa hapa: kinachomvunja mtu aliyetengwa ni kukosa wa kumjibu, zaidi ya kukosa watu machoni pake.

2.0 Maneno yenyewe

Kiswahili hakikutosheka na neno moja katika uwanja huu. Faragha ni hali ya kujitenga kwa hiari, nayo ina mwisho: mtu huingia faragha, kisha hutoka. Upweke ni hali ya kuwa peke yako, uwe umeitaka au hukuitaka. Ukiwa ni mzito zaidi, kwani hutajwa juu ya mahame, juu ya nyumba iliyofiwa, na juu ya mtu ambaye hana tena wa kumhesabu kuwa wake. Huyo ndiye mkiwa. Kutengwa nako ni kauli ya kutendwa: lazima awepo mtengaji. Methali husema kwamba mtu ni watu, na kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ya pili inahusu kazi, lakini ya kwanza inahusu utu wenyewe. Inadai kwamba mtu aliyeondolewa watu amepungukiwa na kitu kilichomfanya awe mtu. Je, historia inaunga mkono dai hilo?

3.0 Mkwawa, 1894 hadi 1898

Katika Nyanda za Juu Kusini mfano ulio karibu zaidi ni wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi yake yalikiangamiza kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome yake ya Kalenga ilitekwa, naye akaponyoka. Kwa takriban miaka minne iliyofuata aliishi msituni na milimani, akihamahama.

Mwanzoni hakuwa peke yake hata kidogo. Wahehe walimlisha, walimficha na kumpelekea habari. Tom von Prince, aliyeanzisha kituo cha Iringa mwaka 1896, alitambua kwamba nguvu ya Mkwawa ilikuwa katika mtandao huo wa watu kuliko katika bunduki zake. Vita vikageuka kuwa kazi ya kumtenga. Mpangile, nduguye Mkwawa, alitawazwa na Wajerumani mwishoni mwa mwaka 1896, kisha akanyongwa Februari 1897 akishukiwa kuendelea kumsaidia kaka yake. Upande wa Mbeya, Merere wa Wasangu, hasimu wa siku nyingi, alikuwa mshirika wa Wajerumani, hivyo njia ya magharibi haikuwa na mwenyeji wa kumpokea mkimbizi. Rupia 5,000 zilitangazwa kwa atakayewezesha kupatikana kwake. Vijiji vilivyoshukiwa kumpa chakula viliadhibiwa, na wafuasi wake wakaanza kujisalimisha, kundi baada ya kundi.

Hapa inafaa kutua. Zawadi ya rupia 5,000 haikumwondolea Mkwawa watu moja kwa moja. Iliharibu maneno kati yake na watu. Tangu siku ilipotangazwa, kila aliyeambiwa mahali alipo alikuwa amepewa kitu cha kuuza. Kuomba chakula kukawa ni kujitaja, na kumtuma mjumbe kukawa ni kuacha nyayo. Mtawala aliyekuwa na maelfu ya kumjibu akawa hawezi kusema bila kujihatarisha.

Mwisho unajulikana. Julai 1898 doria ya Sajini Merkl ilimkamata kijana aliyekuwa mmoja wa wafuasi wa mwisho, naye akaeleza kwamba bwana wake alikuwa mgonjwa. Tarehe 19 Julai, huko Mlambalasi, doria ilikuta miili miwili: wa Mkwawa, aliyejipiga risasi, na wa mwenzake. Kichwa chake kilikatwa na baadaye kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja urejeshwaji wake katika kifungu cha 246, lakini fuvu lilikabidhiwa Kalenga mwaka 1954 tu, mikononi mwa mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa.

Si haki kusema kwamba upweke peke yake ndio uliomwua. Alikuwa mgonjwa, na kukamatwa kungemletea kitanzi; kifo chake kilikuwa pia kitendo cha mtawala aliyekataa kushikwa. Hata hivyo, ramani ya miaka ile inaonyesha wazi mpangilio: kwanza ngome, kisha ndugu, kisha vijiji, kisha wafuasi, mpaka akabaki mtu mmoja pembeni yake.

4.0 Mfungwa na malenga

Mfano wa pili unatoka Mombasa. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa mwaka 1946, alishitakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya kijikaratasi chake cha mwaka 1968, Kenya: Twendapi? Alikaa gerezani kuanzia 1969 hadi 1972, sehemu kubwa ya muda huo akiwa katika kifungo cha upweke. Hakuruhusiwa kuandika. Aliandika kwa siri kwenye karatasi za msalani, na mashairi hayo yakatolewa gerezani kwa siri. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki.

Wahakiki wamejadili sana siasa ya diwani hiyo. Umbo lake nalo ni ushahidi. Shairi la mnazi limejengwa kwa majibizano ya ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mti wa urithi. Mtu aliyefungiwa chumbani bila wa kusema naye alitunga mazungumzo. Ushairi wa Waswahili ulimpa nyenzo hiyo tayari, kwani kujibizana ni desturi yake ya karne nyingi. Fumo Liyongo naye, katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, akiwa kifungoni Pate humpelekea mama yake ujumbe wa mafumbo kupitia mjakazi Saada, na jibu humrudia likiwa tupa ndani ya mkate. Mfungwa wa kweli na shujaa wa masimulizi wanakutana hapa: kila mmoja alishika uzi mwembamba uliomfikia mtu wa nje.

5.0 Kipimo kutoka mbali

Ikiwa uzi huo utakatika, hutokea nini? Baharia Alexander Selkirk aliachwa peke yake katika kisiwa kimoja cha Juan Fernández mwaka 1704, akaokolewa Februari 1709. Alikuwa na afya njema. Alisoma Biblia, akaimba zaburi, akafuga mbuzi na paka. Lakini Woodes Rogers, aliyeongoza msafara uliomwokoa, aliarifu kwamba lugha ya Selkirk ilikuwa imechakaa kwa kukosa kutumika, hata maneno yake yakatoka nusunusu. Mwili ulistahimili na imani ilistahimili; kilichoanza kubomoka ni usemi. Kusoma na kuimba havikutosha, kwa sababu kitabu hakijibu.

Sheria ya kimataifa imefikia hitimisho linalofanana. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinafasili kifungo cha upweke kuwa ni saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na binadamu, na zinapiga marufuku kukiendeleza zaidi ya siku 15 mfululizo. Kipimo ni mawasiliano. Mlinzi anayesukuma sahani mlangoni pasipo kusema neno hahesabiki.

6.0 Hitimisho

Katika mifano hii hakuna aliyestahimili utengano uliokamilika. Abdilatif alikuwa na karatasi, na njia ya kuzitoa nje. Selkirk aliokolewa lugha yake ikiwa imeanza kumtoka. Mkwawa alifika karibu zaidi na ukiwa kamili, na alifikishwa huko kwa makusudi, kwa kuyatia bei maneno ya watu wake. Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya kulitazama jambo hili kama lao. Mgeni anayeshuka Ilomba bila kumjua mtu, akapiga hodi na kuitikiwa karibu, amepewa kile ambacho Mkwawa alinyang'anywa.