Nyumba Iliyojengwa kwa Udongo wa Kilima Chake

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mgeni aliyepanda mitaa ya Los Feliz, jijini Los Angeles, aliiona Ennis House kabla hajaifikia. Ilikuwa juu ya kilima kama ngome, kuta zake zimejaa nakshi za miraba zilizotokana na mahekalu ya Wamaya. Alipofika karibu, aliona mengine: tofali hili limepasuka, lile limemomonyoka hadi nakshi imefutika.

Frank Lloyd Wright aliichora kwa ajili ya Charles na Mabel Ennis, ikajengwa mwaka 1924 chini ya usimamizi wa mwanawe, Lloyd. Wakati ule tofali la saruji lilidharauliwa. Wright alitaka kulipa heshima, na pia kupata njia nafuu ya kujenga. Zaidi ya matofali 27,000 yalifyatuliwa kwa mikono, kila moja likiwa na upana wa sentimita 40 hivi.

Ugonjwa ulianzia hapo hapo. Saruji ilichanganywa na itale iliyooza kutoka kilima chenyewe, ili rangi ya nyumba ilingane na ardhi yake, lakini itale hiyo ilikuja na uchafu uliodhoofisha matofali. Katikati ya matofali zilipitishwa nondo, wima na mlalo. Maji yakipenya, nondo hushika kutu. Chuma chenye kutu hufura, kikifura hupasua kinachokizunguka.

Nyufa zilionekana kabla ujenzi haujakamilika.

Hata hivyo nyumba ilipendwa. Augustus Brown aliyeinunua mwaka 1968 aliikabidhi kwa taasisi ya uhifadhi mwaka 1980, na miaka miwili baadaye ilionekana katika filamu ya Blade Runner. Kisha likaja tetemeko la Northridge la mwaka 1994, na mvua kubwa za msimu wa 2004 na 2005 zikaumiza ukuta unaozuia kilima. Mwaka 2005 iliingizwa katika orodha ya maeneo 11 ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi Marekani.

Ukarabati uliofuata ulimeza mamilioni ya dola, na taasisi ikashindwa kuendelea. Mwaka 2011 tajiri Ron Burkle aliinunua kwa takriban dola milioni 4.5, akaendeleza matengenezo, akaiuza mwaka 2019 kwa dola milioni 18. Mauzo ya mwaka 2011 yaliambatana na sharti jema: umma uruhusiwe kuitembelea siku 12 kila mwaka.