Ndege ya Kitambaa

Marehemu babu yangu, mzaliwa wa Mafia, alizoea kutusimulia kwamba ujanani mwake walikusanywa vijana wakakata minazi, wakang'oa visiki na kusawazisha ardhi, ili ndege ya kitambaa ipate kutua. Sisi wajukuu tulicheka. Nani aliyepata kuona ndege ya kitambaa?

Mwaka 2017, nikiwa mstaafu, nilimtembelea binti yangu Uingereza. Akanipeleka Hendon, kaskazini ya London, katika Makumbusho ya Jeshi la Anga. Humo ndani nikaikuta Caudron G.3: miti, waya na kitambaa. Kumbe mzee hakutudanganya.

Tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ambako mikoko iliisitiri. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, na mwezi Juni wakaleta ndege nne: Caudron mbili na Henri Farman mbili. Tarehe 11 Julai, John Cull aliruka na msaidizi wake, Arnold, aliyeelekeza mizinga ya meli Severn na Mersey kwa simu ya upepo. Ndege yao ilipigwa ikaangukia mtoni, lakini wote wawili waliokoka. Siku hiyohiyo Königsberg ikaangamia.

Nilitaka picha ya kuwapelekea ndugu zangu nyumbani. Ukumbi ulikuwa na mwanga hafifu, na ni haki yake, maana mwanga mkali huchakaza kitambaa cha kale. Picha ya kwanza niliipiga kwa flashi. Pua ya ndege iling'aa kama bati juani, na mkia ukamezwa na giza. Nikaizima flashi, nikafungua tundu la lenzi mpaka mwisho, nikaegemeza viwiko juu ya uzio, nikatoa pumzi, nikabonyeza taratibu. Robo ya sekunde ni kitambo kirefu kwa mkono wa mzee. Mara ya tano nikafaulu: kila waya ulionekana.

Lakini wageni waliokuwa wakipita wakati lenzi iko wazi walitoka kama moshi, bila sura. Kilichosimama tuli kilihifadhiwa. Waliokuwa wakitembea walifutika.

Niliitazama picha ile kwa muda mrefu. Miaka mingi nilifundisha historia ya vita vile kwa wanachuo wa ualimu. Nilitaja manowari, tarehe na majina ya maofisa. Sikuwataja hata siku moja waliong'oa visiki. Babu alikuwa hai nilipoanza kazi, nami sikumuuliza hata majina ya wenzake. Alifariki nayo.

Picha ipo ukutani sebuleni kwangu. Chini yake nimeandika jina la babu, na mbele ya jina hilo nimeacha nafasi ya wenzake.