Mtangazaji aliyewatoa jasho walimu

Wazee wa Usoke na "habali za asubui" zao tumewacheka sana, hasa sisi tuliokwenda Dar na treni tukarudi na r zetu kamili. Sasa kuna bwana mmoja ambaye wangepatana naye sana, ingawa Tabora hakuwahi kufika.

Anaitwa Jay Hanna Dean, maarufu kama Dizzy, yaani Kizunguzungu. Alizaliwa Arkansas mwaka 1910, mtoto wa vibarua wa pamba (weka tumbaku hapo, uko Urambo), na shule aliiacha mapema. Akawa mrusha mpira wa besiboli wa St. Louis Cardinals. Mwaka 1934 alishinda mechi 30 katika msimu mmoja, na kwenye ligi yake ya National hajatokea mwingine wa kufika hapo. Mwaka 1937 mpira ukamvunja kidole cha mguu, akabadilisha namna ya kurusha, mkono ukaharibika. Mwaka 1941 akahamia redioni.

Hapo ndipo raha ilipoanza, jamani. Mchezaji akiteleza chini kuwahi kituo, Kiingereza cha shule kinataka "slid". Dean alisema "slud". Inasimuliwa pia kwamba aliwahi kutangaza kuwa wachezaji wamerudi kwenye vituo vyao "vya heshima". Alitaka kusema tu kila mmoja amerudi kwenye chake, ila kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanafanana kama mapacha.

Mwaka 1946 walimu wa Kiingereza wa Missouri wakalalamika kwamba anawaharibia watoto. Jibu analonukuliwa nalo: wengi wasiosema "ain't" hawali. Kwa watu waliotoka kwenye njaa ya miaka ya 1930, huo haukuwa utani mtupu.

Walimu walikuwa na hoja, tusiwaonee. Lakini tazama Kiswahili kilivyofika kwetu. Kilikuja kwa miguu kwenye njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, pamoja na pembe na vitambaa, mabegani mwa wapagazi Wanyamwezi, miaka mingi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Kilikuwa lugha ya kuomba maji na kupatana bei, na midomo iliyozoea l ya Kinyamwezi haikuona shida. Baadaye usanifu ukajengwa juu ya Kiunguja, na mzee wa Usoke akaanza kusahihishwa kwa sauti ya kisiwani. BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, naiheshimu sana. Ila hiyo "habali" ina umri kuliko BAKITA.

Turudi kwa Dean. Mwaka 1947 alikuwa akitangaza mechi za St. Louis Browns na kuwaponda warushaji wao hewani, eti yeye angeweza zaidi. Wakamwambia haya, njoo. Tarehe 28 Septemba, baada ya miaka sita bila kucheza ligi kuu, akaingia uwanjani. Akarusha vipindi vinne bila kufungwa hata pointi moja, akapiga na mpira mmoja safi, akavuta msuli wa mguu, akarudi kwenye maikrofoni na "slud" yake.